Visanduku Viwili

Kila Jumapili, kengele za kanisa zikishanyamaza,
navifungua visanduku viwili juu ya meza ya jikoni:
cha bluu cha mume wangu Wacław,
cheupe cha binti yetu Jagoda.
Siku saba, asubuhi na jioni.
Vidole vyangu vimezoea, kama vinavyozoea rozari.

Mzee huyu alikuwa fundi wa nyuzi, kiwandani hapa Łódź.
Uzi mmoja ukikatika kati ya mia tatu
aliuona kabla mashine haijalia,
akaupiga fundo kwa vidole viwili
huku anatafuna mkate.
Sasa kifungo cha shati kinamla robo saa nzima,
nami nimekatazwa kumsaidia.
Husimama mlangoni, nyayo zimegandia sakafu,
mpaka nimhesabie: moja, mbili, moja, mbili,
ndipo mguu unakumbuka kazi yake.

Na Jagoda, mwaka wa pili wa chuo,
alianza kuyafunga mabomba ya joto kwa mablanketi.
Yanapitisha maneno, alisema,
toka ghorofa ya tatu hadi ya tano,
na yote yanamhusu yeye.
Namba za tramu zilimkonyeza.
Mama mmoja akaangusha chungwa mbele ya duka la dawa:
“Ameliangusha makusudi. Ili nijue.”
Hakuna kitu kilichobaki kuwa kitu tu.
Kila kitu kikawa barua, na anwani ni yake.

Daktari Mrugała alinichorea nyuma ya bahasha
njia mbili ndani ya kichwa.
“Ni kemikali ileile, mama. Dopamini.
Kwa mzee, huku, kisima kinakauka.
Kwa binti, huku, kinafurika.”
Akaitazama michoro yake, akaongeza:
“Tunadhani hivyo. Mengine hatujui.”
Nilicheka. Akanitazama
kama mtu anayetafuta kalamu aniandikie na mimi.

Lakini nilikuwa nawaza sufuria.
Miaka arobaini napika supu ya bitiruti:
chumvi ikikosa, kijiko kinakuwa kizito kunyanyua;
ikizidi, ulimi hausikii kingine.
Ila sufuria naonja. Kichwa cha mwanangu
ningekionja kwa kijiko gani?

Kipupwe kilichopita wote wawili waliongezewa dozi.
Dawa yake yeye humimina, ya binti huziba mfereji.
Basi mzee akaanza kuona watoto juu ya kabati,
wadogo, wenye makoti ya manjano,
wameketi wakining’iniza miguu.
Na Jagoda akaanza kuburuta miguu,
kikombe kikimtetemeka mkononi,
uso umekakamaa kama wa baba yake
kwenye picha ya pasipoti.

Usiku mmoja wa Februari niliwasikia jikoni.
“Leo wangapi?”
“Wanne.”
“Wanasema kitu?”
“Hata.”
“Wako wana adabu.” Kimya. Kisha:
“Usibishane nao, baba. Waulize jambo usilolijua wewe.
Wakishindwa kujibu, wametoka kwako.”
Akafikiri sana, mzee wangu.
Akageukia kabati, akauliza bei ya siagi.

Nilikuwa nimesimama gizani, nguo za kulalia, miguu peku,
nikiuma kiganja nisicheke, au nisilie, sikumbuki.
Halafu akainuka kuirudisha birika, binti,
hatua ikamkwama katikati ya chumba,
na sauti ya kiwandani ikaanza, taratibu:
moja, mbili.
Moja, mbili.

Daktari ameshapunguza, huku na huku, nusu kidonge.
Watoto wamebaki wawili, huja Alhamisi.
Mabomba yananong’ona, ila ya jirani tu, anasema,
na mimi sikuuliza anamaanisha nini.

Leo kidonge kimoja kimeniponyoka,
kikaviringika hadi chini ya friji.
Nimepiga magoti na tochi na ufagio.
Vyote ni vyeupe, vyote vya duara.
Nimekipata. Nimekifuta vumbi.
Nimekaa nacho kiganjani, supu inachemka,
sijui ni cha nani.