Kokwa Mia

Mwalimu Lamara alichora ubaoni kilima mfano wa kengele.
"Hivi ndivyo mambo mengi yanavyojipanga," akasema.
Mimi, miaka kumi na mitano,
nikakichorea masharubu.

Wastani niliuelewa upesi: ni kugawana deni.
Sampuli ilinishinda
hadi Septemba, Gocha alipofika Zugdidi na mizani yake
kununua heizeli zetu.

Akazamisha mkono guniani, akatoa kokwa ishirini,
zote za pembe moja, chini, penye unyevu.
Akazivunja. Saba zimeoza.
"Zaidi ya theluthi, Jumberi. Bei ndiyo hii."
Baba akatazama viatu vyake.

"Changanya kwanza!" Sauti ilinitoka
nyembamba, ya jogoo anayejifunza.
"Kila kokwa iwe na nafasi sawa na mwenzake."
Gocha akacheka, lakini akamwaga.
Tukakoroga kwa koleo magunia yote sita,
nikafumba macho, nikaokota mia.

Tulivunja mpaka taa ikawashwa.

Mbovu: arobaini na moja.

Mdudu wa kahawia, mmoja wa wale waliotula msimu mzima,
akatembea juu ya daftari langu,
akavuka jumla, akaruka.
Gocha hakuishusha bei yake.
Huruma au aibu, sikupata njia ya kupima.

Usiku Baba akabisha mlangoni, soksi zimejaa maganda.
"Ile mia," akasema, "nionyeshe ulivyoiokota.
Mwakani nataka nijue
kabla yake."