Mbwa Asiye na Kondoo

Kondoo tuliwauza Oktoba, mia moja na arobaini,
wakapanda lori wakitazama nyuma,
na Moc akabaki langoni siku tatu
akihesabu hewa.

Sikusema neno. Mimi pia nilikuwa nahesabu,
ila mimi noti.

Sasa anachunga chochote. Kuku wa jirani Hefina,
baiskeli ya tarishi. Viatu vyangu
navikuta alfajiri vimepangwa ukutani, vyote,
vimekatazwa kusogea.
Binti yangu Lowri akaniambia kwa simu:
"Baba, akili ya mbwa ikikosa kazi hujitafuna.
Mnunulie kitu. Krismasi hii."
Mimi, mwenye mkono wa birika tangu ubatizo,
nikawasha gari.

Duka la miche liko nje kidogo ya Llandeilo, chini ya paa la kioo,
na mvua inalipiga kama njugu kikaangoni.
Miti ya Krismasi imefungwa nyavu, imeegemezwa
kama mizigo iliyokosa mwenyewe forodhani.
Mbwa wanaruhusiwa. Moc akaingia kichwa chini,
kwa hatua za mgeni aliyevaa viatu vya kuazima.

Njia ya pili, kulia, ukishapita mbolea:
vitu vya wanyama.
Sikujua dunia imefika huku.
Ngazi ya sungura. Kioo cha kasuku, na kengele yake.
Handaki la kitambaa, la paka asiye na pa kwenda.
Soksi nyekundu iliyojaa mifupa ya bandia,
pauni kumi na mbili! Mifupa
isiyowahi kubeba mnyama!

Kijana wa duka, Iolo, aproni ya kijani, hereni sikioni,
alichuchumaa kwanza kwa mbwa, ndipo akanisalimu mimi.
Nikampenda kwa hilo.
"Alikuwa anafanya kazi gani?" akauliza,
kama anayeuliza habari za mstaafu.
Nikamwambia. Akanyamaza kidogo.
Kisha akatupitisha mbele ya rafu zote zile
(nikadhani ametudharau)
hadi kwenye miche ya viungo, nyuma kabisa, penye baridi.

"Mwache anuse."

Rozimeri: akapiga chafya.
Nanaa: akageuza uso, kama mtoto anayenyweshwa dawa.
Zaatari,
hapo mkia, ambao tangu Oktoba ulikuwa kamba tu,
ukauliza swali.
Maana zaatari hujiotea kule malishoni, juu ya mawe,
na kondoo huilalia, sufu yao ikanukia hivyo
majira yote ya joto.
Nimewakata manyoya miaka hamsini
na pua yangu haikuwahi kuniambia.

Nikachukua miche sita. Iolo akaongeza, kwa nusu bei,
mpira mkubwa wa buluu, wa kuchezea farasi,
uliopauka kwa kukaa dirishani.
"Huu hang'ati, hawezi. Atausukuma tu.
Na hauendi anakotaka yeye."
"Basi ni kondoo," nikasema.
Sikubishana bei. Risiti ninayo bado, sijui kwa nini.

Nyumbani miche nikaipanda kando ya lango,
pale pale alipokaa siku zile tatu.
Mmoja akaung'oa usiku huo huo, akalala nao.
Nikaupanda tena. Akaung'oa tena.
Huo sasa ni wake.

Alfajiri ya leo, nyasi zimeganda nyeupe:
mpira uwanjani, unateleza, na Moc tumbo chini
anauzunguka kwa mbali, jicho halipepesi.
Nikajikuta nje na nguo za kulalia,
vidole viwili mdomoni,
nikapiga mluzi ule wa kushoto.

Akaenda kushoto.

Viatu vyangu nilivikuta baadaye, ovyo,
kimoja chini ya meza.