Petunia za Ghubra

Kila Novemba baladia hupanda petunia
katikati ya barabara ya Ghubra,
zambarau, nyeupe, nyekundu, safu kwa safu,
na kabla Desemba haijaisha pana mstari uliokufa,
upana wa futi mbili, umepinda kidogo,
kutoka kituo cha basi hadi mlango wa zahanati.

Mkuu wangu, Mhandisi Harith, aligonga mchoro kwa kalamu.
"Hapa hakuna atembeaye, Rayya. Joto hili! Watu wana magari."
Nikamuuliza, basi ni majini wanaokanyaga maua?
Akacheka.
Mimi sikucheka.

Saa kumi na moja alfajiri nilikwenda kukaa
juu ya ndoo ya rangi iliyopinduliwa, daftari gotini.
Alipita Kunjumon, dobi, baiskeli begani,
dishdasha kumi na mbili zikipepea kwenye hanga
kama watu waliokwisha kuvuka.
Wakapita wauguzi wawili, wameshikana mikono kitoto.
Akapita mzee wa Kibaluchi na mjukuu wake,
mmoja akitazama kushoto, mwingine kulia,
wamegawana macho.

Kibao kinasema themanini.
Barabara yenyewe, kwa upana wake, inasema kimbia,
na dereva humsikiliza mwenye sauti kubwa.

Jioni nikamleta mama kwenye taa za mbali,
mwendo wa nusu saa kwa goti lake.
Kijani: sekunde kumi na nne.
Bi Shinuna: thelathini na moja.
Nyekundu ilimkuta katikati,
mkono mmoja umeshika baibui,
wa pili ameunyoosha mbele ya gari saba
kama anayezuia kuku wasitoke bandani.
Nilikuwa na saa mkononi. Nilihesabu.
Mungu anisamehe, niliendelea kuhesabu.

Usiku ule nilifuta.
Niliondoa safu moja ya magari,
nikaibana kona hata gurudumu lilazimike kufikiri,
nikaweka kisiwa katikati, na mti wa ghafu, na kiti.
Kivuko sikukibuni;
nilikinakili kwenye maua.
Nilipofika penye sahihi ya mchoraji kalamu ikasita,
maana mchoro ule ulikwisha kuchorwa
kwa soli za ndara, alfajiri baada ya alfajiri,
na kila mwaka sisi tuliufukia kwa petunia.

Harith alitia saini mwezi wa nane baadaye.
Hakusema kitu juu ya majini.

Juzi mama amevuka. Sekunde thelathini na nne,
kwa kuwa alisimama kivulini kurekebisha kiatu
na lori la maji likamngoja, likikoroma.
Alipofika ng'ambo aligonga ukingo kwa mkongojo.
"Na hiki mmemjengea nani? Ngamia?"

Nikainama, nikapima.
Sentimita kumi na nane.
Nikatoa daftari.