Mtoto Yupi

Jumanne usiku, mjini Hull, ghorofani juu ya maktaba,
mabomba ya joto yakigonga kama mtu aliyefungiwa nje,
Mwalimu Ombler aliandika ubaoni kineno cha herufi tatu
akatuambia tutoe ndimi.
Msione haya. Kati ya meno, halafu pulizeni.
Watu wazima kumi na mmoja tukatoa ndimi
kama tunaokaguliwa koo.
Kwangu kilitoka *za*. Kwa Hiwa kinyozi kilitoka *da*.

Hiwa alisema Wakurdi wanacho,
ila wao hukifunga mkiani mwa neno, kama kengele.
Kwetu Utena hatuna, mbele wala nyuma.
Ukisema funga mlango,
mtu hufunga ule unaoingiza baridi.

Mwalimu alikuwa na kanuni, na kanuni zilikuwa na vitukuu.
Kitu kikitajwa mara ya kwanza ni mgeni, hakistahili.
Kikirudi ni mwenyeji, kipe.
Jua lipe, maana ni moja.
Mito ipe. Maziwa usiyape,
yale ya kuogelea, si ya kunywa.
Mgonjwa yuko hospitali bila kineno;
anayempelekea machungwa yuko hospitali pamoja nacho.
Nikauliza: na anayepiga deki?
Akafikiri, chaki kidevuni.
Pamoja nacho, akasema. Mpaka augue.

Mchana nilisimama kiwandani, kwenye mkanda wa njegere.
Njegere elfu, na elfu, na elfu, hakuna yenye jina,
kisha moja nyeusi, na jicho likaigandia.
Hii ndiyo yenye kineno, nikasema moyoni,
nikaidonoa, nikaitupa.

Wiki ya sita tuliandika insha, *Jioni Yangu*.
Ninafungua ule mlango.
Ninawasha ile taa.
Ninampigia simu yule mtoto.
Vineno vitatu! Nilitembea nimejaa kifua.
Daftari likarudi. Mlango, vema. Taa, vema.
Juu ya mtoto, kwa wino wa kijani:
*Yupi?*

Nililibeba swali hilo hadi kituo cha basi,
mvua ikija kwa ubavu kutoka mto Humber.
Yupi?
Yule aliyevunja jino la mbele kwenye barafu.
Yule anayelala na soksi moja.
Yule ambaye nikisema "mtoto" kwenye simu
mama yangu haulizi,
anakwenda moja kwa moja chumba cha nyuma.

Lakini Mwalimu alikuwa sahihi.
Huwezi kumwambia mtu *yule*
kama hamjui yule.
Na katika nchi hii nzima, yenye taa zake zote,
Ignas alikuwa mtoto, mtoto tu,
njegere ya kijani katika kijani.
Nikasahihisha, kwa kalamu ya risasi: mtoto mmoja.
Kisha, kwa kuwa ukurasa ulikuwa na nafasi:
Ana miaka saba. Yuko kwa bibi yake.
Hapendi uji.

Februari nilikosa Jumanne mbili.
Nilituma ujumbe wa maneno manne, homa, ndege, Utena, samahani,
bila kineno hata kimoja.
Niliporudi, nilichelewa; darasa lilikuwa limekwisha,
na Mwalimu Ombler yuko mlangoni akipigana na mwavuli.

Watu wa mji huu, wakiwa kwao,
hukimeza kineno chao wenyewe.
Weka birika, husema. Funga duka.
Ungedhani wamezaliwa Utena.
Naye Mwalimu, saa tatu unusu usiku,
Kiingereza chake cha ubaoni alikuwa amekifuta pamoja na ubao.
Akaniuliza: Mtoto hajambo?

Nilitega sikio, mwanafunzi hasa.
Kineno hakikuwapo.
Palikuwa na pumzi tu, mbele ya neno,
pengo la ukubwa wa jino.

Nikaushika mwavuli upande wa pili, tukavuta.
Homa imeshuka, nikasema,
na ulimi wangu, wenyewe, ukaenda kati ya meno:
ile homa.