Makala kwa Makala

Asubuhi yangu ya kwanza Kituku, mtu aliniamuru:
"Sambaza! Sambaza!"
Nikasimama, mkoba begani.
Nisambaze nini, dada? Na kwa nani?
Nzigire akafunua beseni:
samaki wadogo, wembamba kama alama za mkato,
wametoka ziwani usiku uleule.
"Hii ndiyo sambaza. Weye ulifikiri nini?"
Nikamweleza kwamba kwetu Tanga hilo ni tendo,
halina magamba wala macho.
Akaita wenzake watatu waje wasikie.
"Kiswahili yake iko na kravati," akasema Katembo wa chukudu,
na tangu siku ile mimi ni Papa Kravati,
ingawa shati langu halina hata kifungo cha juu.

Kazi yangu ni kusahihisha.
Nazipunguza makala za watu maneno,
nang'oa koma zilizoota pasipofaa.
Ndivyo nilivyomwambia Mama Kahambu kule Birere:
"Mimi naishi kwa makala."
Akanishika viganja, akavigeuza juu, chini.
"Mikono safi hivi? Makala gani hiyo haichafue?"
Gunia lake lilikuwa limeketi kando yake, jeusi,
nami nikachelewa kulielewa.

Nikachota akiba ya bibi yangu:
"Mtembea bure si sawa na mkaa bure.
Nami nimetembea, Mama. Sasa nipe huo mkaa wa bure."

Kimya.
Katembo akaegemea chukudu yake.
Nikaanza kueleza: mkaa ni yule anayekaa,
halafu mkaa, kwetu, ni hiyo hiyo makala yako,
kwa hiyo methali, ukiigeuza kidogo...
Kadiri nilivyoeleza ndivyo mzaha ulivyopoa,
kama uji uliopepewa na watu kumi.
Mama Kahambu akanisogezea kigoda.
"Ya bure haiko," akasema.
"Lakini kaa. Kukaa ni bure."
Hapo wote wakaangua kicheko,
na mwenye mzaha hakuwa mimi.

Mgeni siku ya tatu hupewa jembe.
Mtaa ule ni mawe matupu, jembe lingelia tu;
nikapewa kipepeo, nipepee jiko.
Nikasema kwetu kipepeo huruka chenyewe, maua kwa maua.
"Basi hiki kilipata kazi," akajibu.

Jioni moja mawingu yakakusanyika upande wa mlima.
Nikatamka, kwa sauti ya mtu ajuaye:
"Dalili ya mvua ni mawingu."
Wakatazamana.
Wingu lilikuwa jekundu tumboni.
"Ngojea hiyo mvua yako," akasema Mama Kahambu.
"Ya mwisho ilininyeshea kitanda, mlango, jiko.
Jiko yenyewe umeikalia. Iko hapo chini."
Nzigire ndiye aliyeanza kucheka.
Mimi nilitazama jiwe jeusi chini ya kigoda,
nikitafuta pa kuweka miguu.
Nilicheka siku mbili baadaye, peke yangu, nikipiga mswaki.

Juzi gazeti likafika, na ndani yake makala niliyoandika mwenyewe:
ukurasa wa sita, bila kosa hata moja.
Nikampelekea.
Akasoma kichwa, akasoma jina langu kwa sauti, silabi kwa silabi,
akauliza kama nimemalizana nayo.
Kisha akaukunja ukurasa mara nne,
akausukuma chini ya jiko, akapiga kiberiti.
Makala ikawasha makala.
"Unaona? Leo imefanya kazi."

Moshi ukanijia usoni, machozi yakanilengalenga,
na nikakosea kulitamka neno hilo.
"Lengalenga?" Akafunua sufuria, akanionyesha mboga kwa mwiko.
"Ziko za kutosha. Ya macho usiongeze,
chumvi nilishatia."

Nikashika kipepeo, nikapepea.