Kibanio cha Buluu

Saa nane na robo usiku, Kajaani,
nyuzi ishirini na sita chini ya sufuri,
gari la kusukuma theluji limekata kebo
baina ya jengo A na jengo C la hospitali.
Dereva hajui. Taa yake ya manjano
inazidi kuzunguka juu ya maegesho matupu.

Mimi najua, kwa kuwa simu yangu imelia mara moja
ikanyamaza, kama mtu aliyebisha hodi akaghairi.

Ninazo seva mbili. Nilizipa majina ya miti:
Haapa, na ya pili Leppä.
Zinatunza diski moja,
vipimo vya damu, saa za dawa.
Kila sekunde huulizana: Upo?
Nipo. Upo? Nipo.
Ndiyo mazungumzo yao yote, mwaka wa nne huu,
na ziko ndoa zilizodumu kwa maneno machache zaidi.

Sasa Leppä anauliza, hajibiwi.
Kifo kingekuwa chepesi.
Kinachotisha ni ukimya wa aliye hai.
Haapa, kule jengo A, yuko katikati ya sentensi,
anaandika miligramu za mzee Heikura wa wodi ya nne,
naye pia anaita, naye pia hajibiwi,
naye pia anaanza kuamini kwamba amebaki peke yake.

Wanasema fahali wawili hawakai zizi moja.
Wanakaa,
maadamu kila mmoja anamsikia mwenzake akipumua.
Wakiacha kusikiana ndipo zizi huvunjika,
na zizi langu mimi lina figo za watu ndani yake.

Leppä anahesabu hadi kumi.
Anaiendea diski, anauliza kufuli liko kwa nani,
anafuta ufunguo wa Haapa, anaweka wake,
kisha, kwa waya mwingine usiopita kwenye theluji,
anaamuru umeme wa nduguye ukatwe.
Kabla giza halijamfikia, Haapa anajaribu neno la mwisho.
Diski inakataa: Si zamu yako.

Heikura anabaki na dozi moja.

Jalmari, kijana wangu wa mafunzo, aliniuliza juzi:
Na kama aliyezimwa ndiye aliyekuwa sahihi?
Nikamwambia, wote huwa sahihi. Ndiyo shida yenyewe.
Sikumwambia kuhusu Saimi.

Mwaka mama alipoanza kusahau,
nilimpa kidonge cha moyo saa moja jioni.
Dada yangu akatoka kiwandani saa mbili
akampa kingine.
Kila mmoja alidhani mwenzake amekawia.
Asubuhi tulimkuta sakafuni jikoni,
midomo ya kijivu, akituomba radhi sisi.

Alipona. Saimi hakulia, hakunilaumu.
Alichukua kibanio cha nguo, cha buluu,
akakibana kwenye mlango wa friji.
Mwenye kutoa dawa akishike kwanza, alisema.
Ukikuta hakipo, usiguse kitu.
Miaka sita tulipokezana kipande kile cha plastiki
bila kukutana uso kwa uso.

Saa kumi na mbili, bado giza.
Theluji inalia chini ya buti hadi jengo A.
Fundi ameshaunga kebo, ananiomba kahawa.
Nabonyeza kitufe. Haapa anaamka,
na kabla ya kugusa chochote anauliza
kufuli liko kwa nani.
Anaambiwa. Anakaa pembeni.

Mama alifariki Machi.
Siku ile kibanio kilikuwa mfukoni mwangu,
na kimo hadi leo, kwenye koti hilihili.
Saimi hajakiulizia.

Natoa simu, navua glavu kwa meno,
namwandikia: Upo?
Nahesabu hadi kumi,
napita kumi,
naendelea kuhesabu.