Kifungo Kimoja

Miaka sita nilisimama nyuma ya kaunta ya Bwana Kanji,
Barabara ya Biashara, mlango wa tatu baada ya kanga,
nikiuza uzi, zipu, lastiki,
na vifungo kwa dazeni.
Kimoja? Hakuna.
Nililisema neno hilo kwa adabu, kama salamu.

Ndipo akaja Mwadzombo, bawabu wa benki,
kiganja kimeziba pengo la shati
kama mtu aliyechomwa kisu.
"Kimoja tu, dada, rangi ya chai ya maziwa."
"Hakuna."
Akatoka. Nami nikageuka,
nikatazamana na vifungo elfu mbili ukutani.

Hakuna! Nani alisema?
Bwana Kanji aliambiwa na babake,
babake na karani wa forodha,
na karani yu kaburini, haulizwi.

Usiku nikachukua daftari la mwanangu,
kwa kurasa za nyuma,
nikaandika kila "hakuna" iliyonitoka.
Mwezi ukaisha:
sindano ya cherehani kuukuu, mara mbili;
kifungo kimoja, mara arubaini na tatu.

"Vya mojamoja nitavitoa wapi?" akafoka Bwana Kanji.
Swali zuri. Yeye alilitia kufuli,
mimi nikatoka nalo.

Jibu lilikuwa Shimanzi, ndani ya magunia.
Mitumba iliyokataliwa Kongowea
huchanwa matambara ya kufutia grisi,
na Umazi, mkasi mkononi, hukata vifungo kwanza,
maana hukwaruza rangi za magari.
"Huvipeleka wapi?"
Akanionyesha debe. Kisha debe la pili.
"Chukua, Mejumaa, utanipunguzia taka."

Sasa nina meza ya futi tatu, kichochoroni Mwembe Tayari,
na chupa za jemu hamsini:
pembe, shaba, lulumizi, plastiki ya enzi sizijui.
Shilingi kumi, na kushona papo hapo.
Umazi namlipa kwa debe; takataka ina bei sasa.
Bwana Kanji hunitumia mtoto,
na mtoto huapa hakutumwa.

Mwadzombo sijamwona tena. Benki ilihama.
Kifungo chake nimekiweka kando, kikombeni.

Jana akaja msichana, koti begani.
"Kifungo ninacho," akasema,
"tundu ndilo limechanika. Unauza tundu?"
Nikacheka: "Tundu, mwanangu? Haku—"

Neno likanikwama.
Nikapapasa mezani, nikitafuta kalamu.